Miaka Niliyompa Mgongo Bra South

Mliponiaga, vijana wa lindo, mlileta keki yenye picha. Nilidhani ni picha yangu. Kumbe ilikuwa ya Bra South, na miwani yake ya jua imechorwa kwa chokoleti, na chini yake maneno ya kunishukuru mimi. Sikununa. Nilikata sikio lake la kushoto nikalila, nanyi mkaniomba niwasimulie ilikuwaje kumlinda mtu maarufu. Siku ile mdomo ulikuwa umejaa. Sasa nina nafasi, nina goti lililogoma, na chumba changu hapa mtaa wa Observatory kiko juu ya kilima kiasi kwamba anayekuja kunisumbua hufika hana pumzi ya kusumbua. Kwa hiyo naandika.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kule nilikuwa mpakua mizigo bandarini, na mwili ndio cheti pekee nilichokuja nacho Johannesburg. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa lango la ghorofa moja Hillbrow. Siku ya kwanza nilipewa koti, redio ya mkononi isiyo na betri, na amri moja: nisimruhusu kuingia mtu yeyote nisiyemjua. Nilikuwa simjui yeyote. Nikawazuia wote. Ilipofika saa sita mchana foleni ilikuwa imezunguka kona, na mbele kabisa alisimama mwenye jengo, akipiga kelele kwa Kiingereza nisichokielewa.

Aliyeniokoa alikuwa Mzee Shomari, mlinzi wa jengo la jirani, Mtanzania wa Tanga, mwembamba kama fimbo yake. Alivuka barabara akicheka.

"Wewe Mkongo, umefunga mji," akaniambia. "Fungua. Wanaokaa humu wanabeba mikate na ndoo. Mwizi hatembei na ndoo."

Huyo ndiye chuo changu. Alinifundisha nisiangalie nyuso bali mikono, kwa sababu uso unaweza kutabasamu lakini mkono ulioshika kitu hauwezi kujifanya mtupu. Alinifundisha kununua viatu vikubwa kidogo na kuvaa soksi mbili, kula kabla ya zamu, na kujua choo kiko wapi kabla ya kujua adui yuko wapi. Kirungu alikidharau. "Kirungu ni cha mtu aliyechelewa kuzungumza," alisema. Kampuni yetu ilimpa kirungu kipya kila mwaka. Yeye alikitumia kuzuia mlango usijifunge.

Shomari ndiye aliyenipeleka kwenye kazi za muziki. Kampuni ilihitaji watu wenye mwili wa kusimama mbele ya jukwaa kwenye matamasha ya Jumamosi mchana, na mimi mwili ninao. Hapo niwaambie jambo ambalo hamkuliuliza: mlinzi wa jukwaa haoni onyesho. Anampa mgongo mwimbaji na kuwatazama watu. Nyota wote niliowalinda nawajua kwa sura za waliokuwa wanawatazama. Wengine walikuwa na sauti nzuri mno, nikaona watu wakipiga miayo.

Fiston, ambaye baadaye mlimjua kama Bra South, nilimpata kanisani. Wakongo na Warundi tulikuwa tukisali pamoja kwa Kiswahili, na mama yake alikaa safu ya mbele ili mchungaji asisinzie. Mama Fiston alitoka Makamba, kusini mwa Burundi, mtoto akiwa mgongoni, na alikuwa akiuza vitenge Fordsburg katika lile soko kubwa la ndani. Mtoto wake alikuwa na ulimi wa ajabu. Tangu akiwa mdogo mama alimkaririsha sura nzima za Biblia, na kwa kuwa hakuruhusiwa kwenda kucheza kabla ya kumaliza, alijifunza kuzisema haraka. Alipokuwa kijana wa ndevu za kwanza, zaburi alikuwa anaimaliza mchungaji bado anatafuta ukurasa.

Siku moja baada ya ibada mama yake alinishika mkono.

"Papa Bahati, nasikia Fiston anaimba rap kwenye mabaa. Wewe una mwili. Nenda ukasimame karibu naye."

"Nisimame kama nani, Mama?"

"Kama ukuta."

Nikaenda nikasimama. Kabla ya kuajiriwa na meneja yeyote, niliajiriwa na mama yake, na mshahara ulikuwa sahani ya maharage kila Jumapili.

Fiston alikuwa amependa rap ya majimbo ya kusini mwa Marekani, ile ya maneno yanayoburutwa kama mtu anatafuna asali. Aliiga mpaka lafudhi. Akajiita Bra South. "Bra" mitaa ya huku ni kaka. Basi jina hilo likafanya kazi kuliko watu wote tuliomzunguka. Waliopenda mambo ya Marekani walidhani amekulia kule. Watangazaji wa hapa walidhani South ni Soweto, naye akawaachia, kisha akawasaidia, kisha akaanza kuwasimulia utoto wake wa Soweto wenye risasi na mbwa wakali. Mama yake alidhani mwana amemheshimu kwa kukumbuka kusini mwa Burundi, akawa anawaeleza wateja kwa fahari. Kila mmoja alikuwa ameridhika, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwingine.

Mtu akianza kupanda, watu humwota mwilini kama uyoga. Kwanza akaja meneja, Lwazi, ambaye nilimfahamu kwa muda mrefu kabla ya kuliona sikio lake la kulia, maana simu haikutoka pale. Akaja mtu wa kushika koti la Bra South. Baadaye akaja mtu wa kumwambia mtu wa koti kwamba muda wa koti umefika. Akaja mkufu mnene wa dhahabu ambayo, jua likiwaka, iliacha alama ya kijani shingoni. Mimi nilitembea na limao na kitambaa mfukoni vya kuifuta alama hiyo, na katika kazi yangu yote hakuna kifaa kilichonipa shughuli kuliko lile limao. Wenzangu mnaponunua tochi za bei kubwa, kumbukeni hilo.

Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa video. Lwazi alitaka Bra South aonekane mtu hatari, akakodi gari jeusi la wazi na mbwa mkubwa mwenye kichwa kama ndoo. Mashine ya moshi ilipowashwa, mbwa aliogopa, akaruka ndani ya gari na kulala kwenye kiti cha dereva, akilia. Mwenye mbwa alimvuta. Mbwa akajaza pumzi na kuwa mzito zaidi. Mwongozaji akanigeukia mimi.

"Wewe si mlinzi? Mtoe."

"Mimi namlinda mwanamuziki," nikamjibu. "Naye hajaniambia anamwogopa huyu mbwa. Nitamuuliza."

Bra South alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika mkanda wa suruali yangu. Hakuulizika. Ndiyo maana katika video ile, ambayo vijana waliisifu kwa ukali wake, nyota anaimba wimbo mzima nje ya gari, na ukitazama vizuri utaona mkia kwenye usukani.

Tukiwa peke yetu alizungumza nami Kiswahili, na aliniita Papa. Mbele ya watu aliniita Biggie, na Kiswahili kikafa hapo hapo mdomoni. Nilizoea. Mlinzi akiwa na majina mawili si jambo kubwa. Wengine wetu tuna pasi mbili. Lakini niliona namna mtu anavyozoea kujificha. Mwanzoni alikuwa akitazama kushoto na kulia kabla ya kuniita Papa. Baadaye hakuniita kitu. Aliashiria kwa kidole.

Kisha ukaja wimbo.

Hamna haja ya kuelezwa ni upi, mnaujua wote, na baadhi yenu nimewasikia mkiupigia mluzi zamuni. Kwa asiyejua: beti zake zilikuwa za kawaida, magari na wanawake, ila kiitikio kilikuwa kinatusema sisi. Kwerekwere, ndivyo wanavyotuita wageni huku wakitudharau. Kwa Kiswahili kiitikio kingekuwa hivi: kwerekwere kunja mkeka, basi lako limewasha injini. Lwazi ndiye aliyesema nchi inautaka mstari kama huo. Fiston aliurekodi kwa lafudhi ya Soweto na mdundo wa Marekani, na ulimi aliopewa na zaburi. Ulipigwa kwenye mateksi, kwenye harusi, kwenye madirisha ya Hillbrow ambako nyuma ya kila pazia wamelala wageni saba. Watoto wetu waliozaliwa hapa, wasiotaka kujibu Kiswahili nyumbani, waliuimba wakirukaruka.

Mama Fiston aliusikia dukani. Kizulu chake ni cha kuuzia vitenge, lakini kilitosha. Jumapili iliyofuata mwana alikuja kula, na mimi nilikuwepo kwa ajili ya maharage yangu.

"Fiston," mama alisema, "hilo basi linakwenda wapi?"

"Basi lipi, Mama?"

"La kwenye wimbo."

"Eish, Mama. Ni sanaa tu. Ni maneno yanayofuatana vizuri."

"Na mimi nikunje mkeka?"

"Si wewe. Ni wale wengine."

Mama akaniangalia mimi, Mkongo wa Uvira, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. "Papa Bahati, wewe ni wale wengine?"

"Leo nadhani ndiyo, Mama," nikasema, nikameza.

Fiston aliondoka kabla ya chai. Baada ya hapo hakuja Jumapili kwa muda mrefu. Alikuwa anashughulika na kupanda.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa ya kazi, mchana kweupe. Tulikuwa kwenye studio ya redio, mwendo mfupi kutoka Fordsburg, na Bra South alikuwa akimsimulia mtangazaji kuhusu risasi za utotoni. Simu yake ikatetemeka mezani, akaikata. Ikatetemeka tena. Mara ya tatu alipokea, na mimi niliyesimama mlangoni nikasikia sauti ya mama yake kuliko nilivyomsikia mtangazaji. Watu wameandamana kuwafukuza wageni. Wameingia mtaa wa soko. Wenye maduka wamefunga na kukimbia, lakini yeye amejifungia ndani ya kibanda chake kinachotazama barabarani na hawezi kutoka. Kisha akasema, polepole, "Wanaimba wimbo wako."

Fiston alivua vipokea sauti akatoka nje katikati ya matangazo. Lwazi akamfuata, simu sikioni.

"Huendi huko. Ukionekana na kwerekwere leo, umekwisha."

Fiston alinigeukia. "Papa, tunaweza kufika?"

Mbele ya watu. Papa.

"Vua mkufu," nikamwambia. "Tunatembea, hatukimbii. Mikono ionekane. Nami nisiongeleshwe, Kizulu changu kina harufu ya samaki wa Tanganyika."

Mtaa ulijaa. Watu walikuwa na fimbo na vipaza sauti, na wengine walikuwa wamekuja na watoto kama kwenye maonyesho. Tulipita pembeni, ukutani. Tulikuwa tumekaribia soko kijana mmoja mwenye rungu aliponizuia kwa kifua. Akaonyesha kiwiko chake, akaniuliza kwa Kizulu kinaitwaje. Ndivyo wanavyotupima, neno lenyewe ni refu na lina kona nyingi. Nililijua. Lakini nilijua pia litatoka vipi. Watu wawili zaidi wakasogea, nikaangalia mikono yao, na mikono haikuwa mitupu.

"Yuko na mimi!" Fiston akapaza sauti, akavua miwani.

Kisha vifijo ambavyo sijawahi kuvisikia kwenye tamasha lolote. Bra South! Bra South amekuja! Walidhani amekuja kuandamana. Wale wale waliotaka kunipima kiwiko walinikumbatia. Wakamnyanyua Fiston mabegani, wakapita naye barabara nzima wakiimba, mpaka wakamfikisha, bila kujua, mbele ya mlango wa chuma wa kuinua wa kibanda cha mama yake. Wakamkabidhi kipaza sauti. Wote wakasubiri kiitikio.

Nilikuwa chini yake, nimeshika kifundo cha mguu wake. Kwa mara ya kwanza watu wote niliowatazama walikuwa na sura ya furaha ileile, na nilitamani wangepiga miayo.

Akainua kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili, kile kile cha kanisani: "Mama, ni mimi, Fiston. Usifungue."

Hakuna aliyeelewa maneno, lakini kila mtu alielewa kwamba hayakuwa ya hapa. Mwanamume mmoja akauliza, "Anasema nini? Hiyo lugha gani?" Aliyembeba bega la kulia akaondoa bega lake. Fiston akaning'inia upande mmoja, bado anaongea, sasa kwa Kizulu na bila lafudhi ya mtu mwingine: "Humu ndani yumo mama yangu. Mimi ni wa Burundi. Mkitaka kuvunja, vunjeni mimi nikiwepo."

Chupa ya kwanza ilimpata mdomoni. Ilirushwa na kijana aliyevaa fulana yenye picha yake. Nilimshusha, nikamweka kati yangu na chuma, nikakunja mgongo. Vitu viligonga: kopo, kiatu, jiwe lililolikuta goti langu hili. Bibi mmoja wa makamo, mwandamanaji, mwenye blanketi kiunoni, alianza kuwafokea waliokuwa karibu. Sikupata yote, ila alikuwa akirudia neno mama. Baadhi wakaona aibu, wengi wakaona hasira, na katika mabishano yao mlango ukainuka nyuma yetu kiasi cha kupita paka. Mkono ukatoka, ukashika mkanda wa suruali ya Bra South, ukamvuta ndani. Mimi nilipita baadaye, kwa shida, na shati likabaki nje.

Tulikaa kwenye giza la marobota ya vitenge, tukisikiliza mateke mlangoni. Fiston alitema jino kwenye kiganja. Mama yake alikuwa ameketi juu ya robota, mkoba umefungwa mapajani kama msafiri.

"Imba basi," akasema.

"Mama..."

"Nje wanakusubiri. Wamekuja na mashairi yako mdomoni. Imba."

Fiston akalia, mtu mzima, na damu ikachanganyika na kamasi. Mama akakata kipande cha kitenge kipya, pale penye maua, akampa ashikilie mdomoni. Hakumkumbatia. Polisi walipofika na kutawanya watu, alitoka kwanza yeye, akafagia vioo mbele ya kibanda chake.

Sasa mtasema hapo ndipo nyota ilipozima. Nami nilidhani hivyo. Maonyesho yalifutwa, redio zikamnyamazia, mtu wa koti akapata koti jingine. Lakini video ya simu ilisambaa, ng'ambo wakaipenda, na kabla pengo halijapona Lwazi akarudi, safari hii na neno jipya: bara, yaani Afrika nzima. Fiston sasa alikuwa Mwana wa Bara. Wakamvika ngozi ya chui ya plastiki. Wakamwekea ngoma nyuma, zikipigwa na vijana wa Fordsburg waliojifunza asubuhi ile. Watangazaji wale wale waliompa Soweto wakampa Burundi, wakamsifu kwa ujasiri, kana kwamba wao ndio walikuwa chini ya marobota. Jino la dhahabu likawekwa palipovunjika. Hilo halikuhitaji limao.

Niseme kwa haki yake kwamba Fiston mwenyewe alibadilika. Aliniita Papa popote. Jumamosi asubuhi alikwenda Fordsburg kumsaidia mama kuinua ule mlango wa chuma, bila mpiga picha. Na alitangaza kwamba ule wimbo hatauimba tena. Mama yake alisikia hayo akasema tu, "Tutaona."

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa tamasha lake la Jumapili mchana, kwenye ukumbi mkubwa. Mama Fiston alikubali kuja kwa mara ya kwanza, akakaa kiti cha mbele amevaa kitenge chake bora. Mimi nilisimama mahali pangu. Nyimbo mpya zilipokelewa kwa adabu, namna watu wanavyopokea chakula cha mgonjwa. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza: kunja mkeka. Wengine wakadaka.

"Hapana," nilimsikia Fiston nyuma yangu. "Jamani, huo tumeuacha. Ule ulikuwa ubaya wangu. Sikilizeni."

Hawakusikiliza. Waliuimba wao, wote, kwa sauti moja, wakimtazama kwa upendo. Niliona Wazulu wakiimba. Niliona vijana wa Kikongo wa Yeoville niliowafahamu kwa majina ya baba zao, watoto wa Warundi waliobatizwa mbele yangu, wamefumba macho, wanawakunjisha wazazi wao mikeka. Hakuna aliyekosea neno. Hawakuwa na chuki yoyote usoni, wallahi, walikuwa wanajiburudisha.

Mama Fiston akainuka, akanijia mpaka kwenye uzio.

"Papa Bahati, nitoe nje."

Sijawahi kuacha lindo. Nilimshika mkono, tukapita jikoni, katikati ya masufuria na wapishi, tukatokea uani kwenye jua. Alisimama, akatengeneza kilemba chake. Mlango wa jikoni ukafunguka tena, akatoka Fiston, koti lake kalibeba mwenyewe begani.

"Umemaliza?" mama akamuuliza.

"Wanaendelea wenyewe," akasema.

Tukaondoka kwa miguu, watu watatu, mama katikati ameshikana nasi wote wawili, kwa sababu ya goti langu na viatu vyake. Tulikuwa tumeshavuka robot, zile taa za kuongozea magari, wimbo ulipokatika ukumbini na mtu mmoja akaanza kuuliza kwa kipaza sauti Bra South yuko wapi.